Samaki Waliolala Ubavu

Ciru aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki, nilikuwa dukani kwangu Kabiria nampimia mteja kitambaa cha pazia, nikakosea kipimo kwa kiganja kizima. Mama yake alikuwa Daktari Muthoni, daktari wa meno, mwajiri wangu wa kwanza hapa Nairobi. Sikuwa nimemwona kwa macho kwa miaka ishirini na sita, ingawa kila Krismasi nilimtumia salamu naye akanijibu kwa maneno mawili, asante Mwende, basi. "Aunty, tunataka mtu aongee kanisani kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani," Ciru akasema. "Mum alikuwa anakutaja sana." Nikamuuliza alikuwa akinitaja vipi. "Alikuwa anasema hakuna mtu ashawahi jua kuangalia samaki kama wewe." Niliketi juu ya robota la vitambaa nikalia, mteja akadhani nimefiwa na mzazi. Siku hiyohiyo niliandika risala yangu nyuma ya kalenda ya zamani, nusu ukurasa tu, na mstari wa mwisho ukaja wenyewe bila kuufikiria: Daktari, nisamehe kwa wale samaki wako watano. Nilimtumia Ciru kwa simu, akanijibu kwamba itachapishwa kwenye kijitabu cha ibada, ukurasa wa sita. Hakuuliza ni samaki gani. Wakati ule alikuwa mtoto wa chekechea, hangeweza kukumbuka.

Ya kwetu Ukambani na namna nilivyofika mjini nayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kazi yangu ilikuwa kupokea wagonjwa katika kliniki ya Daktari katikati ya jiji. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya maduka ya viatu, na ngazi zake zilinuka ngozi mpya mpaka ufike mlangoni, ndipo harufu ya mafuta ya karafuu ikupokee. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti sita, magazeti ya mwaka juzi, na tangi la samaki lenye urefu wa meza ya kulia. Daktari aliliweka pale kwa sababu mtu anayeogopa koleo la meno akitazama samaki huacha kutetemeka magoti. Samaki wenyewe walikuwa watano tu, rangi ya chungwa, mikanda mitatu myeusi mwilini na sharubu fupi mdomoni. Wauzaji waliwaita lochi. Ni samaki wa chini. Hawana haja na uso wa maji. Siku nzima wamo mchangani wakipapasa kwa sharubu zao, au wamejibana chini ya kisiki, mikia nje, wamelundikana utadhani hakuna nafasi nyingine duniani. Wiki ya kwanza niliwaona wajinga kidogo. Tangi lote hilo, na wao wamebanana kwenye upenyu usiotosha hata kidole.

Wiki ya pili alikuja mzee mmoja wa kichinjio cha Dagoretti, shavu limevimba, kitambaa kimefungwa kichwani. Aliketi karibu na tangi, akatazama, kisha akaniita kwa kidole. "Madam, samaki yako imekufa." Nikainama. Mkubwa wao, ambaye nilikuja kumwita Chifu, alikuwa amelala ubavu mchangani, jicho moja juu, hatikisiki. Nikasema labda amelala. "Mimi nimechinja maisha yangu yote," yule mzee akasema, na jino linamuuma hivyo. "Kitu imekufa naijua. Hiyo imekufa." Wagonjwa wengine wakasogea, mama mmoja akasema woiye kwa huruma. Nikakimbia jikoni nikaleta chujio la chai, nikapandisha mkono wa sweta, nikautia mkono majini taratibu kwa heshima ya marehemu. Marehemu akaruka kama aliyechomwa sindano, akanirushia maji usoni, akajibana chini ya kisiki na wenzake. Chumba kizima kilicheka. Mzee wa kichinjio alicheka akalia kwa maumivu ya jino, na Daktari akatoka na glavu zake kuona kuna nini. Alipoelezwa aliegemea mlango akacheka mpaka akaivuta barakoa chini ya kidevu. "Hao ndivyo hulala," akaniambia. "Wakishiba, wakitulia, wanaanguka tu ubavu. Ukiwaona hivyo ujue wako sawa." Neno hilo nililihifadhi kuliko nilivyohifadhi mistari ya Biblia.

Tangu siku hiyo akaanza kunifundisha. Saa saba mchana, mgonjwa wa mwisho wa asubuhi akishatoka, tulifunga mlango tukaketi mbele ya tangi na chakula mapajani. Yeye alileta githeri, mahindi na maharagwe, kutoka nyumbani kwenye bakuli la bati lenye mfuniko, mimi nilishuka kununua chapati kwa kibanda cha nyuma ya jengo, tukagawana. Sheria ilikuwa moja: dakika kumi za kwanza hakuna kuongea na hakuna kugusa maji. Kisha niandike kwenye daftari la shule nilichoona. Mara ya kwanza niliandika kwamba wawili walikasirikiana. Akachukua kalamu nyekundu akakata. "Umejuaje wamekasirika? Walikuambia? Andika kile wamefanya." Nikaandika upya kwamba wawili walisimama ubavu kwa ubavu, mikanda yao myeusi ikapauka ikawa rangi ya majivu, wakasukumana, na baada ya dakika nne rangi ikarudi wakala pamoja. "Sasa hiyo ni kuona," akasema, akanipakulia githeri nyingine. Sijawahi kusikia sifa tamu kama ile. Leo nikikumbuka nashangaa kwamba mtu aliyejua vizuri hivyo tofauti ya kuona na kudhani ndiye huyohuyo aliyenifanyia aliyonifanyia.

Nilijifunza mengi mwaka ule. Lochi mmoja peke yake hujificha mpaka afe njaa, lakini watano hutoka hata mchana. Chifu akitoka wengine hufuata, akisita husita. Hawashikwi kwa wavu, kwa sababu wana mwiba mdogo chini ya jicho ambao hunasa, kwa hiyo wanahamishwa kwa bakuli. Magamba yao ni madogo hata hayaonekani, na dawa ambayo samaki mwingine haihisi, wao huwaangusha. Na kitu nilichopenda kuliko vyote, wana sauti. Ukibandika sikio kwenye kioo wakati wa chakula unasikia tk, halafu kimya, halafu tk tk, mlio mdogo mkavu. Daktari alinionyesha siku ya mvua kubwa ambapo hakuna mgonjwa aliyekuja, sisi wawili mashavu kwenye kioo, pua zetu karibu zigusane. "Hiyo ni raha," akanong'ona, kisha akajikata mwenyewe. "Hapana. Hiyo ni mlio wanafanya wakikula. Raha ni yangu." Tulicheka sana. Nilimpenda, niseme wazi. Nilitembea kama yeye, nilikunja mikono ya sweta kama yeye, na wenzangu niliopanga nao Kabiria walinitania kwamba hata kikohozi nimemwiga.

Yeye ndiye aliyesema nisiishie kwenye meza ya mapokezi. Kulikuwa na chuo cha mambo ya uvuvi na ufugaji wa samaki ambacho kilipokea wanafunzi mwezi wa tisa, na pamoja na vyeti vya shule walitaka barua ya mtu mwenye taaluma anayekujua kazini. "Mimi ndio nitaandika," akasema. "Nani mwingine anajua vile uko?" Niliwaambia watu wote. Nilimwambia hata mwenye kibanda cha chapati, akawa ananiita daktari wa samaki. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, pampu ya hewa ikizimika kila mara, na mwezi wa nne Daktari akaamua kulihamisha tangi nyumbani kwake Kitisuru, kwenye jenereta. Nilibeba wale watano kwa ndoo mapajani njia nzima, kifuniko nimekishika kwa mikono miwili. Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikwenda kwake kubadilisha maji na kuandika daftari, kisha nikala chakula cha mchana nao. Mumewe, Baba Ciru, alikuwa mtu mrefu mwenye mizaha, aliyeniita Profesa. Sebule yao ilikuwa na zulia ambalo sikuthubutu kulikanyaga kwa viatu.

Jumamosi yenyewe ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Kitisuru mwezi wa saba anajua ile baridi ya umande ambao haukauki mpaka saa sita. Nilifika saa nne nikakuta madirisha yote ya sebule wazi, mapazia yanapepea, na chumba kinanuka yale manukato ya limau ya kupuliza. Niliona. Ningeandika kwenye daftari kama mwalimu wangu angeniuliza. Jikoni kulikuwa na pilikapilika, akina mama wa ushirika wa kanisa walikuwa wanakuja kula, na Daktari alikuwa ametoka saluni, nywele zimemetameta. Nilikwenda kwenye tangi. Wote watano walikuwa wamelala ubavu mchangani. Kabla sijaketi zile dakika kumi, sauti yake ikatoka jikoni: "Mwende, samaki wako aje?"

Nikajibu kwa furaha, nakumbuka furaha ile. "Wamelala ubavu tu, Daktari. Kawaida yao."

Kukawa kimya kidogo kule jikoni. Kisha akasema, "Sawa basi. Kuja unikatie kachumbari." Nikaenda. Niliacha kusikiliza kioo kwa sababu saa ya chakula chao haikuwa imefika, na hilo ni kosa langu, silikatai. Nilikata nyanya na vitunguu, nikaponda mukimo wa viazi na mahindi, nikabeba sahani, wageni wakaja wakaomba na kuimba. Mama mmoja mwenye kilemba cha kijani akaenda karibu na tangi na soda yake mkononi. "Muthoni, kwani samaki wako hulala hivi? Huyu amegeuka tumbo." Daktari akatoka jikoni akifuta mikono. Hakutazama tangi. Alinitazama mimi. "Mwende ndiye anawashughulikia," akasema, mbele ya wote. "Si ulisema wamelala?" Nikasema ndiyo Daktari. "Haya," akasema, na yule wa kilemba akatikisa kichwa, akasema wasichana wa siku hizi akili zao ziko nje. Baba Ciru alikuwa amesimama dirishani na glasi ya maji, ametupa mgongo, anatazama bustani. Siku hiyo hakuniita Profesa. Niliwatoa mmoja mmoja kwa bakuli, jinsi nilivyofundishwa, nikawazika kando ya ua wa miti ya kayaba, na vidole vikifa ganzi kwa baridi.

Jumapili yote nilitafuta nilichokosea. Sikuwa nimeongeza dawa. Sikuwa nimebadilisha mchanga. Mwishowe nilikumbuka kwamba wiki ile nilikuwa nimeanza kupaka mikono mafuta mapya ya kunukia niliyopewa na mwenzangu chumbani, na kwamba Jumamosi iliyotangulia nilitia mikono ile majini. Nikaamua ndiyo hayo. Jumatatu nilimweleza Daktari habari ya mafuta, hata kabla hajavua koti. Alinisikiliza, akaangalia mikono yangu, akasema, "Inawezekana." Neno hilo moja. Halafu akaongeza kwamba ile barua ya chuo tuiache kwanza. "Nikiandika una mkono wa kutunza viumbe, nitakuwa nasema uwongo, si ndio?" Nikasema ndiyo. Watu wameniuliza kwa nini sikutafuta mwingine aniandikie. Ningemtafuta wa nini? Mtu niliyemwamini kuliko wote alikuwa amesema sina mkono, na mimi niliwaona wamekufa kwa macho yangu. Mwaka ulipoisha niliondoka mwenyewe, nikaingia biashara ya mapazia, ambayo nashukuru imenilisha. Sijawahi kufuga hata kuku. Na sijawahi kupaka mikono mafuta tena. Wanawake wenzangu sokoni hunitania kwamba nina mikono ya kuponda kokoto, nami hucheka nao, sijawahi kumwambia mtu sababu.

Alhamisi, siku moja kabla ya mazishi, nilikwenda Kitisuru kwenye matanga. Mahema yalikuwa bustanini, chai na mandazi vinazunguka, na vijitabu vya ibada vilikuwa vimefika mchana huo katika makatoni. Baba Ciru, sasa mzee wa fimbo, alikuwa sebuleni, kitini, mahali ambapo tangi lilikuwa kukiwa na televisheni. Alikuwa anasoma kijitabu kimoja kwa miwani mikubwa. Akaniona akanipungia. "Profesa! Kuja hapa. Hii maneno umeandika ukurasa wa sita ni gani? Wewe ulikosa nini?"

Nikamwambia, "Wale samaki, Mzee. Walikufa mikononi mwangu."

Akacheka, kicheko cha upole kabisa, mtu anayemwondolea mtoto hofu. "Aii, wale? Wale niliua mimi. Wageni walikuwa wanakuja, na kulikuwa na mende moja hapa kwa ukuta inatembea kama mwenye nyumba. Nikapuliza dawa kopo mzima. Mama Ciru akarudi kutoka saluni, akashika kichwa, akaniambia, wewe umemaliza samaki, hiyo pampu inavuta hewa yote inapeleka kwa maji. Tukafungua madirisha haraka haraka."

"Hiyo ilikuwa kabla nije?"

"Kitambo kabla uje. Mimi nilitaka nikuambie, lakini wale wamama walikuwa njiani, ningeonekana mjinga. Mama Ciru akasema niwache, huyu bado ni msichana mdogo, atasahau." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Nilidhani alikuambia baadaye. Hakukuambia?" Halafu akamwita mtu amwongezee chai.

Nilitoka nikasimama kando ya ule ua wa kayaba, ambao sasa umepanda juu kuliko nyumba. Baba Ciru sikumkasirikia sana. Yeye ni mtu aliyeogopa mende na kuogopa wamama wa kanisa. Kilichonikata ni swali. Samaki wako aje? Alikuwa anajua. Aliniita kutoka jikoni akijua, na mimi nikamjibu kwa maneno yake mwenyewe aliyonifundisha, naye akanyamaza kidogo, na katika kimya kile akaona pa kupitia. Kisha nikampelekea mwenyewe habari ya mafuta, mkononi, kama zawadi, akaipokea. Miaka ishirini na sita nikamtakia Krismasi njema. Nasikia alinisifu kwa watoto wake, na nadhani sifa zile zilikuwa za kweli, na hilo ndilo linanichoma zaidi, kwamba alijua vizuri kabisa anamfungia mlango nani. Nililia pale kwa hasira mpaka mama mmoja akanishika bega akaniambia Mungu ndiye anajua, mwache apumzike. Nikamwambia sawa.

Ijumaa asubuhi nilipaka mikono mafuta. Nilinunua chupa kwa duka la jirani, nikaketi kitandani, nikapaka mpaka kwenye viwiko, na haikunifurahisha nilivyodhani. Kanisani watu walijaa hadi veranda, kila mmoja na kijitabu chake, picha ya Daktari mbele akitabasamu na koti lake jeupe. Kila mmoja wao alikuwa ameshika, ukurasa wa sita, maandishi ya msichana aliyeomba radhi. Ciru akaninong'oneza, "Aunty, dakika mbili tu, tafadhali." Nikapanda mbele. Nilisoma risala kama ilivyoandikwa, jinsi alivyonifundisha kukaa dakika kumi bila kugusa maji, jinsi alivyokata neno langu kwa kalamu nyekundu akaniambia niandike kilichoonekana. Watu waliitikia vizuri, wengine walicheka kwa yule mzee wa kichinjio. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta ya vidole vyangu. Nikafika mstari wa mwisho, nikainua macho. Baba Ciru alikuwa kiti cha mbele, ananitazama, na nikaona sasa ameelewa.

"Ndugu zangu," nikasema, "ukurasa wa sita, mstari wa mwisho, una kosa. Kosa ni langu, niliandika kitu ambacho sikukiona. Wale samaki sikuwaua mimi, na Daktari alijua. Alinifundisha kwamba ukiandika usichokiona, kinakatwa. Wenye kalamu, naomba mkate."

Mchungaji akamtazama Ciru, Ciru akanitazama mimi, mdomo wazi. Nilijua nimevunja adabu, mbele ya jeneza, na nilijua sitaalikwa Kitisuru tena. Sikushuka. Kisha Baba Ciru akaweka fimbo chini, akapapasa mfuko wa ndani wa koti, akatoa kalamu ya kubonyeza, akaibonyeza: tk. Akafungua kijitabu kwenye goti, akakata mstari. Nyuma yake mtu mwingine akabonyeza yake, halafu upande wa wanakwaya, halafu nyuma kabisa karibu na mlango, tk, tk tk, nami nikasimama pale nikiwasikiliza.